Mtoto bwawani: pampasi ya kutupa, ya kufua au ya fundi?

Ziwa Viktoria halitozi kiingilio, ila lina kichocho. Mzazi wa Kampala, Entebbe au Jinja anayelijua hilo humpeleka mtoto wake mdogo kwenye bwawa lenye klorini hata kama atalipa. Sikukuu za Idi na Krismasi na likizo za shule mabwawa ya hoteli hujaa, na lile bwawa dogo la watoto ndilo hujaa kuliko yote. Wengi wanaocheza humo wana mwaka mmoja na nusu, wana miwili, na bado hawajajua kusema "nataka choo". Hapo mzazi hujiuliza: nimvalishe nini majini?

Ninaona watu wakichagua kati ya vitu vinne: pampasi ileile ya kila siku, pampasi za kuogelea za kutupa, pampasi za kuogelea za kufua, na nepi ya pamba yenye suruali ya plastiki juu yake. Cha tano ni cha kushonesha kwa fundi, nacho kinastahili kupewa nafasi kubwa kuliko inavyopewa sasa. Nitavilinganisha vyote, lakini nitangulize msimamo wangu: kwa familia inayokwenda bwawani zaidi ya mara moja moja, ya kufua inayobana vizuri mapajani inashinda, kwa bei na kwa kazi.

Kwanza, kazi yenyewe

Pampasi ya kuogelea haizuii mkojo. Hakuna inayouzuia, iwe ya bei ya juu au ya chini. Ingeuzuia ingebidi iunywe, na kitu kinachokunywa mkojo kitakunywa na maji ya bwawa. Kazi yake ni kushika kinyesi kigumu kwa muda mfupi, mpaka umtoe mtoto majini. Kinyesi cha majimaji hupita. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema wazi kwamba nguo hizi huchelewesha vijidudu vya kuhara kuingia majini kwa dakika chache tu, haziwazuii.

Kwa nini nasisitiza hili kabla ya kutaja bei? Kwa sababu linabadilisha kile unachokinunua. Ukilipia unene na ufyonzaji umelipia kitu kisicho na faida majini. Unachokitafuta ni kiuno na mapaja yasiyoachia mwanya.

Wazazi wengi huamini klorini itamaliza kilichobaki. Klorini hufanya kazi, ila kila kijidudu na muda wake. Maji yakiwa na klorini ya miligramu 1 kwa lita, na vipimo vingine vikiwa sawa, E. coli wengi hufa kwa chini ya dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina A huchukua kama dakika 16, giardia kama dakika 45. Kriptosporidiamu, ambaye ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuhara kwa watoto wachanga barani Afrika, huishi zaidi ya siku 7 katika maji hayohayo. Kwa hiyo mtoto anayeharisha abaki nyumbani, na hakuna nguo itakayobadilisha hilo. Daktari akikwambia aliugua kriptosporidiamu, ngoja wiki mbili zipite tangu kuhara kukome. Najua inavyouma kumnyima mtoto sikukuu iliyosubiriwa. Lakini bwawani kuna watoto wengine, na maji huingia vinywani mwao wote.

Pampasi ya kila siku: ibaki begini

Ndiyo inayoonekana rahisi kwa sababu tayari unayo, na maduka madogo ya mitaani huiuza hata kipande kimoja kimoja. Majini ndiyo mbaya kuliko zote. Ndani yake kuna chembe za polima zilizotengenezwa kunywa maji, na zinaweza kunywa maji safi yenye uzito wa mamia ya mara kuliko uzito wao. Ukitaka kuona, tumbukiza moja kavu kwenye beseni la maji, ngoja dakika kumi, kisha uinyanyue kwa mkono mmoja. Huo ndio mzigo utakaoning'inia kiunoni mwa mtoto anayejifunza kutembea majini. Ikishavimba hulegea mapajani, na kinyesi kinapata njia. Ikipasuka, chembe zile hutawanyika kama uji mzito na kwenda kuziba vichujio vya bwawa. Wahudumu wengi wa mabwawa hukataa kabisa mtoto aingie nayo, na wana haki.

Ina kazi moja safari hiyo: njiani. Ya kuogelea usimvalishe nyumbani. Ndani ya takisi ya abiria 14, kutoka Ntinda hadi Munyonyo, mtoto akikojoa mkojo wote utashuka kwenye mapaja yako na kiti cha watu. Mvalishe ya kawaida, mbadilishe mkifika, na mrudishie ya kawaida kabla ya kuondoka.

Za kutupa

Hizi ndizo zinazojulikana zaidi madukani. Majina mawili utakayokutana nayo ni Huggies Little Swimmers na Pampers Splashers. Zimeundwa kama chupi ya kuvuta, hazina polima nyingi ya kunywa maji, kwa hiyo hazivimbi. Pakiti huwa na vipande 10 hadi 12, na kadiri saizi inavyokuwa kubwa ndivyo idadi inavyopungua kwa pesa ileile. Ziulizie kwenye supamaketi za majengo makubwa ya biashara, maduka ya vitu vya watoto, na kwa wauzaji wa mtandaoni.

Uzuri wake mkubwa haumo kwenye tangazo. Umo ubavuni: unaichana pande zote mbili na kuitoa kwa mbele. Mtoto akiwa amejisaidia, huhitaji kuivuta kupita miguu yote miwili huku kinyesi kikipakaa hadi kwenye visigino. Kwa mzazi aliye peke yake na watoto wawili, kwenye chumba kidogo cha kubadilishia chenye foleni mlangoni, jambo hilo lina thamani kuliko rangi na katuni zote.

Ubaya wake ni bei ya kila mara. Siku moja ya bwawa si kipande kimoja. Mtoto huingia asubuhi, hutoka kula, huingia tena mchana. Hapo ni viwili, hata kama hakujisaidia. Wapo wanaoianika ikauke ili itumike tena wiki ijayo. Siwashauri. Haikutengenezwa kufuliwa, na mpira wake wa mapajani ukishalowa na kuvutwa haurudi ulivyokuwa. Utakuwa na nguo safi kwa macho isiyoshika chochote.

Halafu kuna takataka. Lundo la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Pampasi chache za sikukuu hazikulijenga lundo lile peke yake, lakini tangu siku ile mimi siwezi kutupa kitu cha plastiki kilichotumika saa mbili bila kufikiri kinakwenda kulala wapi na nani anaishi karibu nacho.

Za kufua

Nje ni polyesta iliyopakwa utando mwembamba usiopitisha maji kwa urahisi, ndani ni wavu laini unaoshika kinyesi. Hakuna sponji wala pamba katikati. Zipo za aina mbili, na tofauti yao ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Aina ya kwanza huvutwa kama chupi. Hubana vizuri, haina kitu cha kufunguka majini, lakini kuivua ikiwa imechafuka ni kazi. Aina ya pili ina vifungo vya kubonyeza, vya mbele au vya ubavuni. Ya vifungo hufunguka kama pampasi ya kawaida, na ile yenye safu za vifungo mbele hupunguzwa na kuongezwa mtoto anavyokua. Kwa mwenye bajeti ndogo nachagua ya vifungo bila kusita: moja inaweza kumfikisha mtoto tangu anaanza kukaa hadi anapoacha nepi. Vifungo vya utepe wa kunata ni vya kuepuka. Mtoto wa miaka miwili hugundua namna ya kuvifungua siku ya kwanza.

Ipo pia aina nzito ya neopreni, kitambaa kinene cha mpira kama cha nguo za wapiga mbizi, chenye mikanda mipana kiunoni na mapajani. Uingereza shule nyingi za kuogelea za watoto hutaka mtoto avae mbili: nyepesi ndani, kisha ya neopreni juu. Ndiyo inayoshika kuliko zote nilizozitaja. Ukiikuta kwa bei inayovumilika, ichukue. Usipoikuta, wazo lenyewe la kuvaa mbili unaweza kulitumia: ya kutupa au ya kufua ndani, na chupi ya kuogelea inayobana juu yake.

Kabla ya kununua mpya, pita soko la Owino mjini Kampala au soko la mivumba, yaani mitumba, lililo karibu nawe. Nguo za kuogelea za watoto hushuka kwenye marobota, na pampasi za kufua huwa humo bila muuzaji kuzitofautisha na chupi. Ivute lastiki ya paja na uiachie: ikirudi polepole, au ukisikia inakatika katika, iache. Igeuze ndani uinyanyue kwenye mwanga. Ule utando ukiwa umebabuka kama ngozi iliyoungua jua, iache pia. Ikipita hapo, ifue kwa sabuni na maji ya moto yasiyochemka kabla mtoto hajaivaa.

Kuifua si mzigo. Kinyesi kidondoshe chooni, suuza kwa maji baridi, fua kwa sabuni ya kawaida, suuza tena. Jiki iache, na vilevile kuichemsha, maana vyote viwili huua lastiki na ule utando. Nyumbani suuza hata kama haikuchafuka, kwa sababu klorini iliyokaukia humo huila nguo na huwasha ngozi.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelezo ya pakiti hayalitaji. Yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje zikiwa na unyevu, mtoto akaota jipu lenye funza, ndiye sababu ya sisi kupiga pasi hadi nepi na chupi. Pampasi hii haiwezi kupigwa pasi ya moto, itayeyuka. Ianike ndani, au kwenye baraza lenye wavu wa mbu. Ni nyembamba, hukauka upesi. Iliyoanikwa nje kwa bahati mbaya iweke kando zaidi ya wiki mbili kabla ya kuitumia.

Nepi ya pamba na suruali ya plastiki

Bibi atakwambia ndivyo alivyowalea wote, na nchi kavu yuko sahihi. Majini pamba hulowa na kuwa nzito, hushuka, na ile suruali ya plastiki hujaa maji kama mfuko mpaka mtoto atembee miguu imetanuka. Lastiki zake nyembamba huchora mistari myekundu mapajani bila kuziba. Ikiwa ndiyo uliyonayo tu, toa nepi yote ya pamba, mvalishe suruali ya plastiki isiyo na nyufa, na juu yake chupi ya kuogelea inayobana. Ni afadhali kidogo, basi.

Ya fundi

Fundi cherehani yupo kila mtaa, na kazi hii ni ndogo kwake. Mpelekee nguo ya kuogelea ya mtu mzima ya mivumba, ile ya kitambaa cha laikra kinachovutika. Moja hutoa pampasi mbili za mtoto, pengine tatu. Mwombe ashone tabaka mbili, bila pamba katikati, na kiuno kirefu kinachofika kitovuni.

Atakuuliza, "Mama, nikaze kiasi gani?" Hapo ndipo kazi huharibika, kwa hiyo nenda na vipimo. Pima paja la mtoto pale linapokutana na kinena, akiwa amesimama. Lastiki ikatwe fupi kuliko mzunguko huo kwa sentimita 2 au 3, iwe pana kama sentimita moja, na ifunikwe na kitambaa isiguse ngozi. Lastiki nyembamba ya uzi hukata ngozi, pana hulalia. Mwambie ashone kwa mshono wa zigizaga, maana mshono wa kunyooka hukatika kitambaa kinapovutika. Akimaliza, mjaribishe mtoto palepale, kabla hujalipa.

Kasoro yake: laikra haina ule utando, kwa hiyo kinyesi laini kinaweza kupenya. Kwa mtoto mwenye choo kigumu cha kawaida inatosha. Ukiwa na wasiwasi, ivalishe juu ya pampasi ya kutupa ya kuogelea, na hapo umepata ile kinga ya nguo mbili kwa gharama ndogo.

Kumpima

Ningekuwa na sekunde chache tu za kukushauri, ningezitumia hapa. Pampasi bora inayopwaya ni mbaya kuliko ya fundi inayobana.

Usinunue kwa miezi. Mtoto wa miezi 18 anaweza kuwa na kilo 9 au 13. Angalia kilo kwenye kadi yake ya chanjo, na kama ni za zamani mpime upya kliniki. Akiwa katikati ya saizi mbili, chagua ndogo, kwa sababu kitambaa kikilowa hulegea kidogo.

Mvalishe, kisha mfanye achuchumae. Mtoto aliyesimama hudanganya: mapaja hujaa na kila kitu huonekana kimeziba. Akichuchumaa kuokota kitu, tazama kinena na chini ya matako. Ukiona mwanya, na maji yatauona. Kiunoni vidole viwili vipite kwa kubanwa. Mvue baada ya dakika kumi: alama ya waridi inayopotea upesi haina shida, lakini mfereji mwekundu unaobaki unamaanisha imekaza mno. Wavu wa ndani usichungulie nje ya lastiki hata kidogo. Ukichungulia, utavuta uchafu nje kama utambi.

Hesabu

Tuchukue tarakimu za mfano, nawe uweke bei za duka lako mahali pake. Pakiti ya vipande 12 ikiwa shilingi 60,000, kila kipande ni 5,000. Mtoto anayekwenda bwawani mara mbili kwa mwezi, vipande viwili kila safari, atatumia vipande 48 kwa mwaka: shilingi 240,000. Za kufua mbili, moja mwilini na moja ya akiba begini, zikiwa 40,000 kila moja, ni 80,000 kwa mwaka huohuo, na mdogo wake atazirithi. Katika mfano huu umerudisha pesa yako kabla ya mwezi wa tano. Ya fundi itakuwa chini zaidi.

Kwa anayekwenda mara moja tu, siku ya Krismasi, hesabu inageuka. Pakiti nzima ni hasara, kwani mtoto ataikua kabla ya kuimaliza. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wenye watoto wa kilo zinazokaribiana wachange pakiti moja na kugawana. Hapo ya kutupa ndiyo rahisi kuliko zote.

Mwenye mtoto ambaye tayari anakaribia kuacha nepi naye asinunue ya kufua mpya. Atafute ya mivumba au aende kwa fundi.

Mkishafika

Piga simu kabla ya siku yenyewe na uulize kama wanakubali za kufua, kama wanataka kofia ya kuogelea, na kama wana mahali pa kubadilishia mtoto. Mkifika, chungulia maji: sakafu na mfuniko wa tundu la kutolea maji vionekane wazi. Harufu kali inayochoma macho watu huiita harufu ya klorini na kudhani maji ni safi sana. Mara nyingi ni klorini iliyochanganyika na mkojo na jasho, na maana yake ni kwamba klorini ya kuua vijidudu inapungua. Bwawa dogo la watoto huathirika kwanza, kwa sababu maji yake ni machache, watoto ni wengi, na jua letu la ikweta huivunja klorini upesi. Muulize mhudumu amepima saa ngapi. Ni swali la heshima na anayefanya kazi yake vizuri hujibu kwa furaha.

Mlishe mtoto mapema. Watoto wengi hujisaidia muda mfupi baada ya kula, kwa hiyo mpe chakula, mkalishe kwenye poti, umwogeshe kwa sabuni, ndipo aingie majini. Mtoe kila nusu saa, au saa moja ikizidi sana, ukamwangalie. Kumwangalia na kumbadilisha ni chooni au chumba cha kubadilishia, kamwe si kwenye ukingo wa bwawa, kwani kinachodondoka pale hurudi majini kwa miguu ya wengine. Nawa mikono kwa sabuni, na yeye mnawishe. Akijisaidia bwawani licha ya yote hayo, mwite mhudumu mara moja na uwasaidie kuwatoa watoto wengine, maana kila dakika ya aibu ni dakika ambayo mtoto wa mwenzio anameza yale maji.